Spika Nne za Nyumba ya Kiponda

Juzi binti yangu aliniuliza kama enzi zetu nasi tuliweza kusikiliza muziki wa kompyuta katika kila chumba. Simu ilikuwa mkononi mwake, spika ya jikoni ikiimba wimbo huu na ya sebuleni ikiimba mwingine. Nilimjibu kwamba tuliweza, tena kabla yeye hajazaliwa, ila nyumba nzima ilisikiliza wimbo mmoja kwa sauti ya kiwango kimoja, na aliyekuwa na amri ya kuuzima hakuwa mimi mwenye kompyuta bali Bibi. Alicheka akaenda zake, nami nikabaki na nyumba yetu ya Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, kichwani.

Kompyuta ile aliyoileta Ami kutoka Maskati ilikuwa chumbani kwangu ghorofani, na kufikia mwaka 2007 nilikuwa nimekwisha kuingiza ndani yake sehemu kubwa ya kaseti za taarabu za Bibi. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kaseti ya dakika 60 huingia kwa dakika 60, nawe umekaa pale ukingoja kugeuza upande, na malipo yako ni faili za MP3 ambazo, kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, hazifiki hata megabaiti 60. Nyimbo zikawa tele kwenye Winamp, programu ya kuchezea muziki, lakini zilisikika kwangu tu, ilhali mwenye kaseti zake yuko chumba kingine na magoti yake hayamruhusu kutembeatembea.

Kwanza nilijaribu kile kidude cha kurushia muziki kwenye redio ya gari kwa masafa ya FM. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na wimbo haukufika jikoni hata siku moja. Dirishani, hata hivyo, ulitoka vizuri sana ukaingia kwenye redio ya jirani wa upande wa pili wa uchochoro, akatuma mtoto kuja kuuliza kama tunapokea na salamu.

Ndipo nikamwita fundi redio kutoka Darajani. Alikuja na mafungu ya waya, amplifaya ya mtumba na spika nne, kila moja ya omu 8, yaani kipimo cha jinsi inavyouzuia umeme. Alinieleza, akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza yangu, kwamba spika zote nne zikifungwa sambamba, kila moja na njia yake, mzigo hushuka hadi omu 2 na amplifaya kama ile itaungua. Kwa hiyo angezifunga mbili mbili kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine, kisha aziunganishe jozi hizo sambamba, na mzigo ungerudi kuwa omu 8. Ya ukumbini aliifunga na ya chumbani kwangu. Ya jikoni, chini kabisa kando ya ua, aliifunga na ya chumbani kwa Bibi, kwa kuwa waya ulipitia tundu moja kati ya boriti, lililoachwa na nyaya za umeme za zamani. Sababu yake ilikuwa tundu tu, wala si jingine.

Walioijua nyumba ile wanajua pia kwamba Mama na Bibi, mkaza mwana na mavyaa wake, hawakuwa wagomvi. Walikuwa wakiheshimiana kwa mbali, na ngazi zile nyembamba zenye mwinuko mkali ziliisaidia sana heshima hiyo.

Siku za mwanzo, ikiingia adhana ya alasiri, Bibi alikuwa akiufungua waya wa spika yake, maana hakuona sababu ya kunisubiri mimi nikumbuke kushusha sauti. Jikoni nako kukawa kunanyamaza. Katika mfuatano umeme hupita njia moja tu kwenye spika zote mbili, na njia ikikatika mahali pamoja zote mbili hufa, wakati jozi nyingine inaendelea kuimba kama kwamba hakuna kilichotokea. Mama aliamini kwamba spika yake ni mbovu, naye hakuficha maoni yake juu ya vitu vya mtumba.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi, naye anasukuma chapati, mara spika ikakata katikati ya neno. Haikuwa saa ya adhana. Kwa mbali, kutoka ukumbini, tulisikia fidla zikiendelea. Mama aliweka mpini wa kusukumia chini, akanitazama kwa jicho la "njoo uone kazi yako", akapanda ngazi na mikono yake ya unga ameinyanyua mbele yake asiguse ukuta, nami nyuma yake.

Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa samadari, macho makavu, hakuwa na usingizi hata kidogo. Mapajani, juu ya kanga, zililala ncha mbili za shaba alizozitenganisha. Ule utepe mweusi wa fundi alikuwa ameubandua wote na kuuviringa, na sasa alikuwa akiufinyanga taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, ukawa kijidonge kidogo cheusi kinachonata, na gundi yake imemwachia doa kwenye kucha.

"Bi Mkubwa, waya umekatika tena?" aliuliza Mama.

"Haukukatika. Nimeufungua."

"Kulikoni?"

"Nimekuita kwa mdomo, hukusikia. Kwa muziki wote huo utasikia wapi? Basi nimeunyamazisha, nawe umekuja." Kisha akaelekeza kidevu dirishani. "Nifungie dirisha, mwanangu, jua linanipiga usoni."

Mama alibaki amesimama kwa muda. Nilidhani angesema neno, na maneno yalikuwapo ya kusema, kwa kuwa chapati ilikuwa juu ya chuma na dirisha lenyewe mimi mjukuu ningeweza kulifunga. Hakusema. Alivuta mbao za dirisha kwa vidole vyake vya unga, alama nne nyeupe zikabaki kwenye komeo, na Bibi, bila kututazama, akazisokota ncha zile zikawa moja kama asokotaye utambi. Wimbo ukarudi chumbani, na papo hapo tukausikia ukirudi jikoni chini.

Nilimrudia fundi. Alisema ni jambo dogo, atavuta waya mwingine na kuongeza amplifaya ya pili, na kila chumba kitajitegemea. Mama alipopata habari alisema, "Uache ulivyo." Nilipomuuliza miaka ya baadaye alinijibu kwamba bei ya fundi ilikuwa kubwa. Haikuwa kubwa, na isitoshe ningelipa mimi.

Waya ule uliendelea kufunguliwa: kwa maji ya moto, kwa kumuuliza nani kazikwa leo Mwanakwerekwe, na baadaye, nadhani, bila sababu yoyote. Kulikuwa na nyakati Mama alipanda akakawia, hata spika ya jikoni ikawa inaimbia masufuria.

Kisha, tarehe 21 Mei 2008, umeme ulikatika Unguja nzima kwa hitilafu ya njia ya baharini iuletayo kutoka Bara, na haukurudi hadi tarehe 18 Juni. Sitayaeleza ya mwezi ule, mnayajua: ndoo za maji, bei ya mishumaa, jenereta zikinguruma kila uchochoro. Kwa ngurumo zile Bibi hata angeita asingesikika, na nilimwona Mama akipanda mwenyewe bila ya kuitwa. Sikumuuliza kitu.

Umeme uliporudi tulikuwa jikoni. Kelele za furaha zilisikika mtaa mzima, na kwa kuwa amplifaya ilikuwa imeachwa wazi, na kompyuta bado imezimwa, kilichotoka kwenye spika zote nne kilikuwa mvumo mzito wa hezi 50. Haukupita muda mvumo wa jikoni ukakatika. Wa ukumbini uliendelea.

"Ananiita," alisema Mama, akajifuta mikono kwenye kanga.

Nilipofika mlangoni nilimsikia Bibi akiuliza kama umeme umerudi mtaa mzima au ni kwetu tu.

"Mtaa mzima, Bi Mkubwa."

"Basi keti. Na huyo mwambie asituanzie nyimbo zake kwanza."