Peugeot ya Mjomba

Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito, na mali yake haikosi kikao. Wa kwetu alipofariki, watoto wake walibaki na mikorosho ya Naliendele, sisi wapwa tukaambiwa tuchukue Peugeot 404 iliyokuwa imelala chini ya mwembe hapa Mikindani. "Iondoeni," Mama akasema, "kabla kuku hawajatotoa humo tena."

Kuiuza chuma chakavu hakuna aliyethubutu kutamka. Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha 404, na Mjomba alikuwa akizisimulia mbio zile kama vile yeye ndiye aliyeshika ramani.

Sasa, 404 haina chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu ikioza, gari limekwisha. Na upepo wa bahari wa Mikindani hauna huruma na bati. Kaka aligusa ubavu chini ya mlango wa dereva kwa bisibisi, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameshindilia magazeti mle ndani, akafunika kwa puti, akapiga rangi, akala hela yake. Kipande kimoja cha gazeti bado kilisomeka: ratiba ya mpira.

Puti haina ubaya ukiitumia kusawazisha bonyeo dogo. Ukiziba nayo tundu inavuta unyevu, na kutu inaendelea kula kwa nyuma huku wewe unasifia rangi. Fundi bodi wetu, mzee wa maneno machache, alikata mpaka akafika kwenye bati zima, kisha akachomelea kwa nukta nukta, mara huku mara kule, ili joto lisilipinde bati. Sisi tukapewa msasa wa maji. Watoto walifurahia siku ya kwanza tu.

Ugomvi wa kweli ulikuwa redio. Kaka alitaka kutoboa dashibodi aweke ya kisasa, yenye kuchomeka flashi. Baba, aliyetengeneza redio ujanani kabla ya kuajiriwa bandarini, akamwambia, "Mwanangu, ukishalikata hilo tundu utalirudisha na nini?" Akaichomoa mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, na Mama akatuhamishia mkekani.

Binti yangu akawa msaidizi wake. Kapasita kubwa, zile za kutunza chaji ya umeme, zilikuwa zimekauka, jambo la kawaida kwa redio ya umri ule, na karatasi ya spika ilikuwa imeliwa na mende. Transista zake, vile vipande vya kukuza sauti, ni za madini ya jemaniamu, hazipendi joto kabisa, kwa hiyo Babu alilehemu huku mjukuu ameubana mguu wa transista kwa koleo, joto liishie kwenye koleo. Spika mpya tuliipata kwa fundi wa sokoni Mtwara. Baba alipima omu zake, yaani ukinzani wake wa umeme, kwanza, ndipo akalipa.

Ikalia. Lakini ukiwasha injini, unasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka na mafuta unayokanyaga. Ni dainamo, inayozalisha umeme wa gari. Kapasita moja ikafungwa kati ya dainamo na bodi, ule mlio ukafa.

Redio yenyewe ni ya masafa ya kati tu, FM haina. Mchana ni mikwaruzo mitupu. Jua likizama, lile tabaka la anga linalomeza mawimbi hayo mchana linatoweka, na stesheni za mbali zinaanza kuingia. Juzi tulinasa Kireno, Mama akadai ni habari za Msumbiji. Hakuna aliyembishia, maana hakuna anayejua Kireno.

Kaka bado amenuna kuhusu flashi. Ameambiwa anunue spika ndogo ya kuchaji, aiweke kwenye kiti. Mimi natafuta mpira wa kioo cha mbele na kifuniko cha taa ya nyuma, upande wa kushoto. Mwenye 404 iliyokufa, kuanzia Masasi hadi Kilwa, aseme bei.