Njoo kabla hujaweka marumaru: siku moja ya bibi afya Moshi

Saa 12:10 asubuhi

Simu ya kwanza ni ya mtendaji wa mtaa, na leo hana hata muda wa salamu. "Dada, wametapisha tena huku kwetu."

Masika yamepiga usiku kucha, kwa hiyo nilishalala nikiitegemea simu hiyo. Kama unaishi penye bomba la majitaka pengine hujawahi kuyaona haya. Shimo la choo likijaa, kuita gari la kunyonya ni hela, lakini mvua inanyesha bure. Basi mtu anavizia usiku wa mvua kubwa, anatoboa ukuta wa shimo, na vilivyomo vinaondoka na maji mtaroni, vinapita uani kwa jirani mpaka bondeni. Ukiuliza asubuhi, nyumba nzima ililala fofofo.

Nilifika kwa bajaji. Tundu lilikuwa wazi, udongo wake mbichi. Baba mwenye nyumba akawasukumia wapangaji, wapangaji wakasema hela ya gari walimpa yeye mwezi uliopita. Sikukaa kuamua ugomvi huo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaturuhusu kumtaka mwenye eneo aondoe kero kwa gharama yake, kwa hiyo notisi niliiandika kwa jina lake na akaisaini mbele ya mtendaji. Wamalizane wenyewe kuhusu hela.

Kilichonikalisha pale ni bomba la maji safi, ambalo limepita ndani ya mtaro uleule. Maji yakiwa yanatoka kwa nguvu, bomba lenye ufa linavujisha nje tu. Yakikatika, bomba lile lile linaweza kunyonya tope kuingia ndani, na huduma ikirudi, mtu wa nyumba ya tano anakunywa asichokijua. Nilikinga maji kwenye koki mbili za jirani, nikatia kidonge cha kupimia klorini, nikangoja rangi ya waridi. Chini ya miligramu 0.2 kwa lita nampigia simu mtu wa maji hapohapo. Koki ya kwanza ilikuwa salama, ya pili rangi ilikuja hafifu mno. Nikapiga. Kipindupindu kinaweza kumwangusha mtu ndani ya saa chache au baada ya siku hadi 5, na wote tuliokuwa kazini mwaka 2015, mlipuko ulipoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti ukasambaa mikoani, hatuoni aibu kumwamsha mtu kwa sababu ya rangi hafifu. Majirani nimewaambia wachemshe maji mpaka wasikie kutoka kwangu.

Saa 2:00

Ofisini. Viatu nimeviosha nje, watu wa foleni wakinitazama.

Maombi ya leseni za biashara siku hizi yanaingia kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Mwombaji anajaza huko, ana TIN, ana uthibitisho wa kodi kutoka TRA, ana mkataba wa pango, na kama biashara ina jina lake basi ameshapita BRELA, wanakosajili majina ya biashara. Ikiwa ni biashara ya chakula, ombi linafika kwetu tukakague ndipo atolewe namba ya malipo. Kwenye skrini mpangilio huo unaonekana wa akili kabisa. Shida ni kwamba unatufanya tuwe watu wa mwisho kumwona mfanyabiashara, wakati ukuta umeshapakwa rangi na jina limeshaandikwa mlangoni.

Wa kwanza leo ni kijana mwenye faili nene, mgahawa mpya katikati ya mji. Ndani ya faili kuna barua kwenda TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Nilimuuliza nani kamwandikia. Akajikuna kidogo, akasema kuna jamaa anamsaidia makaratasi. Kishoka, kwa maneno mengine, na kishoka mzembe pia, kwa sababu TFDA haipo tangu 2019. Dawa na vifaa tiba vilibaki kwa mrithi wake, TMDA, chakula na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Miaka yote hii imepita na bado kuna watu wanalipia barua za ofisi iliyokwisha.

"Jamaa yako kala hela ya bure, mdogo wangu. Twende nikaone jiko."

Saa 3:30

Mgahawa ni mzuri, na mtu asidhani kazi yetu ni kwenda mahali kutafuta ubaya. Marumaru nyeupe mpaka usawa wa bega, friji mpya, feni, viti bado vina nailoni. Kijana katumia akiba yake na ya dada yake, aliniambia njiani.

Halafu nikafungua mlango wa pembeni ya jiko, nikakuta choo.

Hakuna korido wala ukumbi mdogo katikati. Mlango wa choo unafungukia jikoni, hatua mbili kutoka meza ya kukatia kachumbari. Nilisimama pale, yeye akasimama, fundi wake naye akaanza kuangalia dari. Baada ya hapo mengine yakaja yenyewe. Sinki ni moja tu, la kuoshea vyombo, nyama na mikono. Mwinuko wa sakafu unapeleka maji stoo badala ya kuyaleta kwenye tundu la kutolea maji. Chemba ya kunasa mafuta hakuna, na mgahawa unataka kuuza chipsi. Mafuta yakishuka moto yanaganda bombani, siku moja choo cha jirani kinarudisha kila kitu sebuleni kwake. Dirisha halina wavu.

"Bibi afya, mimi hela imeisha," kijana akasema. Hakuwa analalamika, alikuwa ananipa taarifa tu.

Swali la kwanza ninalouliza kila mara: hii fremu ilikuwa ya nini? Ilikuwa duka la nguo. Ramani ya kubadili matumizi iliombwa? Fundi alichora kwenye simu, wakaanza kuvunja. Wangekuja na mchoro huo wa simu ofisini kwetu, au hata mstari wa penseli kwenye karatasi ya daftari, tungeona mlango huo kwa dakika moja. Kuangalia mchoro hakuhitaji faini wala kufuli, na fundi hajatumia hata mfuko wa saruji. Sasa tunazungumzia kubomoa.

Wenzangu wengine hupitisha jiko kama hili "kwa masharti": leseni itoke, atarekebisha akianza kupata wateja. Mimi siamini masharti hayo. Mgahawa ukishajaa watu hakuna anayeufunga siku tatu azibe mlango, na mimi nikirudi baada ya miezi mitatu nitakuwa mbaya kuliko leo. Kwa hiyo nilikataa, lakini tulikaa chini kwenye viti vyenye nailoni tukayagawa mambo. Mlango wa choo uzibwe, utobolewe mwingine upande wa korido ya nje, ambako ukuta ni wa tofali moja. Sinki la kunawia mikono si lazima liwe la kifahari, beseni dogo lenye koki yake na sabuni linatosha, mradi lisitumike kwa kitu kingine. Wavu ni hela ndogo. Sakafu ya stoo inaweza kuinuliwa kwa tuta dogo mlangoni bila kung'oa marumaru zote. Chemba ya mafuta ndiyo itamuuma, na hiyo sikumpunguzia.

Alipotusindikiza nje alitaka kunipa "ya soda". Nikamwambia akanunulie saruji.

Saa 5:15

Karibu na stendi kuu, kwa akina mama lishe.

Hapa mazungumzo huanzia kwenye kitambulisho. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa shilingi 20,000 kimoja. Kilikuwa na faida yake kubwa, watu waliacha kukimbizwa na mgambo na masufuria kichwani. Ila wengi wakakichukua kama ruhusa ya kila kitu, na mpaka leo kuna mama atakutolea ile kadi ya zamani ukimuuliza kuhusu kupima afya. Kupima ni kila miezi 6, kwa kila anayeshika chakula cha watu: choo, mkojo, na mengine daktari atakayoona.

"Lakini mimi siumwi, mwanangu," mama mmoja akaniambia. Ana umri wa mama yangu, nilishamwamkia shikamoo, kwa hiyo kubishana naye kuna taratibu zake.

Nikamsimulia habari ya Mary Mallon, mpishi wa New York. Mwaka 1907 iligundulika kwamba familia alizopikia zilikuwa zikiugua homa ya matumbo yeye akiwa mzima, anacheka, anafanya kazi. Wadudu walikuwa mwilini mwake bila kumsumbua. Kwa watu wa aina hiyo mara nyingi hukaa kwenye kifuko cha nyongo. Wakamtenga, wakamwachia mwaka 1910 akiwa ameahidi kutopika tena. Mwaka 1915 wakamkuta anapika, tena hospitali ya wazazi, wakamtenga mpaka alipokufa mwaka 1938.

"Maskini," mama akasema. "Na nani alimlipa siku zote hizo?"

Sijapata kuulizwa swali zuri kama hilo na mtu yeyote ofisini. Sikuwa na jibu zaidi ya kumwonyesha kituo cha afya cha karibu na kumwambia aende asubuhi kabla hajawasha moto. Kasema ataenda Jumatatu.

Nizungumze na upande mwingine, maana mama lishe wanasemwa sana. Huyu mama anaanza kupika alfajiri, na kufikia saa 8 mchana sufuria zimekwisha na anaosha. Wali wake haulali. Wali unaolala ni wa mahali penye kiyoyozi, uliopikwa mchana, ukaachwa juu ya meza, ukapashwa jioni. Kuna mdudu anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa; chakula kikikaa vuguvugu saa nyingi zinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndiyo maana natembea na kipimajoto. Chakula cha moto nataka kisome zaidi ya nyuzi 60. Sufuria la maharage la mama lilisoma 81. Wiki iliyopita, mahali penye vitambaa vya meza, kuku alisoma 38, na meneja akaniuliza kama kipimo changu ni kizima.

Anachokosa mama ni maji yanayotiririka. Ana beseni moja la kunawia, watu ishirini wanachovya humo. Nimemwagiza ndoo yenye koki, aiweke juu ya stuli. Hapo sikuandika notisi.

Saa 7:20

Mtori. Siwaambii nakula wapi, watu watadhani ni cheti.

Saa 8:30

Kilabu cha mbege, pembezoni mwa mji. Pombe ina sheria yake, ya mwaka 1968, na leseni yake, na mbege imo humo humo ingawa wazee hawapendi kusikia hivyo.

Mpishi ni mama makini. Ndizi mbivu zimechemka kutwa, msesewe, lile gome chungu, umo, ulezi umeoteshwa vizuri. Ndizi zinapata moto wa kutosha, lakini maji yanayoongezwa wakati wa kuchuja hayarudi jikoni. Yakitoka kwenye jaba chafu, kazi yote ya kuni imepotea. Jaba lake lilikuwa na mfuniko, na ndani kulikuwa na kikombe chenye mpini mrefu, nikampa mkono.

Kata ya kunywea, hata hivyo, ni moja kwa wazee sita. Nilipoligusia hilo meku mmoja, yaani mzee wa Kichaga, akanijibu taratibu kwamba kata ikigawanywa, na ukoo unagawanyika. Tumekubaliana kwamba anayekohoa anywe kwa bilauri yake mpaka apone. Najua makubaliano hayo yatadumu kadiri atakavyosimamia mama mwenye kilabu, na kwa ukali niliomwona nao, huenda yakadumu.

Saa 9:45

Ofisini, kibali cha kusafirisha mwili. Familia iko mlangoni, gari liko nje. Kazi hii haisubiri foleni. Cheti cha hospitali, jeneza limefungwa sawasawa, sahihi, poleni sana, safari njema.

Saa 10:30

Mtu wa maji kapiga: wamekuta kiungo cha bomba kimelegea palepale mtaroni, wanakibadilisha na watasafisha laini usiku. Nimempigia mtendaji awaambie watu waendelee kuchemsha mpaka nipime tena kesho. Baba mwenye nyumba, nasikia, gari la majitaka limeshaonekana kwake.

Saa 12:40 jioni

Niko njiani kurudi nyumbani, namba ngeni inaita. Ni fundi wa mgahawa.

"Dada, hiyo chemba ya mafuta nichimbe futi ngapi?"

"Usichimbe. Bosi wako atauza sahani ngapi mchana?"

Akanyamaza, nikamsikia akiulizia pembeni. Hawajui. Nikamwambia wakae leo wakadirie, kwa sababu ukubwa wa chemba unatokana na maji yatakayotoka kwenye sinki saa ya wateja wengi, siyo na nafasi iliyobaki uani. Na achore kwanza, anitumie picha.

"Na mlango je?"

"Mlango tumeshauziba. Ila tulivyotoboa huku nje tumekuta nguzo ya zege."

"Iko usawa gani?"

"Katikati kabisa."

Kesho saa 2 nitapita kwao kwanza, kabla ya koki.