Milango kumi na minne

Bagamoyo, Jumapili usiku

Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba sikurudi nyumbani na wenzangu. Nilikaa chini ya miembe pale Misheni, karibu na ule mnara wa kanisa la zamani, nikisubiri giza liingie. Nilikuwa na neno moyoni, na sikutaka kukutana na mtu akaniuliza mbona uso umeniiva.

Neno lenyewe ni hili. Jumatatu alfajiri niliamshwa na mlio wa simu. Ujumbe wa sauti, na picha mbili: beseni la samaki wa kukaanga, na chupa nyeupe ambayo maandishi yake hayasomeki. Sauti ya mwanamke ilisema kuna mama hapa Bagamoyo, ikataja na mtaa, anawapaka samaki dawa ya kuhifadhia maiti ili wasiharibike. Tuwe macho, tuwatumie wote tunaowapenda. Juu palikuwa na vile vimishale viwili vya kuonyesha kwamba ujumbe umeshasambazwa mara nyingi. Niliviona. Badala ya kunishtua vikanitia nguvu: kama wengi hivi wameutuma, basi lipo jambo. Ujumbe wa namna hiyo WhatsApp hukuruhusu kuutuma sehemu moja tu kwa wakati, wameweka kizuizi hicho tangu 2020. Mimi sehemu moja ilinitosha. Niliutuma kwenye kundi la jumuiya yetu, kaya kumi na nne, nikaongeza la kwangu: "Ndugu katika Kristo, tujihadhari." Kisha nikafanya ishara ya msalaba, nikaenda kuteka maji.

Yule mama ninamfahamu. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, yeye ndiye aliyeniletea uji wa pilipili manga siku tatu mfululizo, na wala hatusali pamoja. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo, na hapa kwetu hilo halijawahi kuwa ukuta. Vibua vyake nimekula miaka. Vipi niliamini? Nimejiuliza sana. Nadhani niliamini kwa sababu kuamini hakukunigharimu kitu.

Alhamisi jioni nikapita kwake. Kwa kawaida saa kumi na moja huwa amebakiwa na makombo ya pilipili chini ya beseni. Siku hiyo beseni lilikuwa limejaa, amelifunika kawa, ndimu alizozikata asubuhi zimekauka kingo, na moto umekufa chini ya karai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua, au na wewe umekuja kunusa?"

Akanieleza kuwa wamekuja watu tangu Jumatatu, wanainua samaki, wanamnusa, wanamrudisha, wanaondoka bila hata kusema kwaheri. Sikuwa na ujasiri wa kusema. Nilinunua viwili, nikavila palepale nimesimama, kila tonge likipita kwa shida.

Nilipofika nyumbani nikaifungua tena ile picha, nikaikuza. Samaki walikuwa wametandikiwa gazeti. Herufi zake si zetu, na wala si za Kiarabu. Sijui ni nchi gani, ila si Bagamoyo. Jambo hilo lilikuwa wazi tangu Jumatatu kwa yeyote ambaye angetazama.

Nilitaka kuufuta, muda wa kuufuta kwa wote ulishapita. Nikaandika kwenye kundi kwamba habari ile ni ya uongo. Wawili wakaweka dole gumba. Basi. Wakati ule wa kwanza simu ililia mpaka usiku.

Jumatano kabla ya hapo jumuiya tulisoma Waefeso, sura ya 4, pale Paulo anaposema tuuvue uongo tuseme kweli kila mtu na jirani yake, kwa kuwa tu viungo, kila mmoja kiungo cha wenzake. Nilisoma mimi, kwa sauti, nikapokea na pongezi kuwa ninasoma vizuri. Mwenzetu mmoja akagusia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, tukaguna, tukaendelea. Kiongozi wa jumuiya akatukumbusha ujumbe wa Papa Fransisko wa 2018 kuhusu habari za uongo, alivyourudia mkasa wa nyoka na Hawa: nyoka hakuja na matusi, alikuja kama rafiki anayemtakia mema. Neno hilo halijaniacha. Uongo nilioutuma nao ulikuja umevaa huruma. Tuwatumie wote tunaowapenda.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo pale chini ya mwembe. Nikautazama ule mnara. Kila mtoto wa Bagamoyo anajua kwamba mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alishawahi kufa kabla ya hapo, kwa midomo ya watu. Mwishoni mwa 1866 wapagazi kutoka Komoro walifika Unguja wakasema ameuawa njiani; walieleza hadi shoka lilivyompiga. Kumbe walimtoroka kwa woga. Habari ikavuka bahari hadi Uingereza, na 1867 ikabidi watu watumwe Ziwa Nyasa kufuatilia, ndipo ikajulikana kuwa alipita huko akiwa hai. Alipofariki kweli, mwaka 1873, huko ambako leo ni Zambia, watumishi wake, akina Susi na Chuma, hawakuishia kutuma maneno. Waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi mingi, kupita njaa na maradhi, hadi hapa. London wakautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma.

Nilikaa na picha ya mabega yale mpaka mbu wakanitoa.

Jana asubuhi nikaanza kutembea. Mlango kwa mlango, hodi, nakaa, nasema: ule ujumbe niliwaletea mimi, ni uongo, picha si ya hapa, mama yule hana kosa, nisameheni. Wengine walicheka wakasema mbona wameshasahau. Mmoja aliniambia bila kunificha kwamba alimtumia dada yake Chalinze na shemeji yake Msata, akachukua simu mbele yangu akawapigia. Nyumba ya tisa walikuwa wanakula wali na maharage. Baba wa nyumba akakiri hawajagusa samaki wiki nzima.

Leo alasiri nikaenda kwa yule mama. Moto ulikuwa unawaka, beseni nusu. Nikapiga magoti pale kwenye mchanga, nikamwambia yote, hata ile "Ndugu katika Kristo." Hakunitazama. Akageuza kibua kimoja, akageuza cha pili, mafuta yakalia.

"Umewaambia wangapi?"

"Kumi na moja, mama. Wamebaki watatu."

Akachukua karatasi, akafunga samaki watatu, akaninyooshea.

"Wapelekee, wale wangali wa moto. Ukimaliza urudi tuzungumze."