Banda la njiwa la Jehan Ango
Leo nimefika Manoir d'Ango, kijijini Varengeville-sur-Mer, karibu na Dieppe, kaskazini mwa Ufaransa. Jumba hili alilijenga tajiri wa meli Jehan Ango, miaka ya 1530 na 1540, na mfalme François I alikaribishwa humu. Baraza lake la matao ni la Kiitalia kabisa, lakini mimi nimeganda uani, mbele ya banda la njiwa. Mnara mzima wa duara! Matofali mekundu na mawe yamepangwa kwa nakshi kama mkeka wa ukindu, na juu kuna kuba iliyochongoka.

Zamani banda la aina hii lilikuwa haki ya bwana mwenye ardhi. Njiwa wake walishiba mbegu za wakulima, wenyewe wakitazama tu. Inauma! Haki hiyo ilifutwa usiku wa 4 Agosti 1789. Nimepitisha kiganja ukutani: jiwe gumu la gumegume lina baridi, laini kama kioo.