Medali ya keya niliyoisugua mpaka nikaiharibu

Watu wakisikia unakusanya medali za zamani wanajua una hela, mwenzenu nilianzia kwa jamaa wa skrepa pale Sabasaba, Dodoma. Kwenye ndoo yake ya misumari na koki mbovu nikaona kitu cha duara kina kichwa cha mfalme wa Uingereza, George wa Sita, kugeuza nyuma kuna simba kamkanyaga joka la vichwa viwili na miaka 1939 na 1945, medali ya vita ya pili ya dunia, waliyopewa na makeya, yaani askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza huku kwetu. Jamaa akaleta sumaku, haikunata, akasema basi hii fedha tupu bosi, lete elfu ishirini. Siyo fedha ile, ni shaba na nikeli, ila nikajikausha, tukavutana mpaka elfu nane.

Sasa ujinga wangu. Nimefika nyumbani nikakaa barazani na kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba nikasugua weee mpaka ikawaka kama kijiko kipya, nikaipiga picha kwa furaha kabisa. Kumbe wanaojua wanaitaka na weusi wake wa miaka yote, ukisugua hivyo nywele za mfalme zinaanza kufutika na thamani inakwenda nazo. Hapo nani wa kumlaumu.

Kilichoniuma zaidi ni ukingo. Zile za Mwingereza za vita ya kwanza, zenye kichwa cha mfalme, nyingi ni fedha kweli (ndo maana nyingi ziliishia kuyeyushwa), na ukizungusha ukingoni unakuta namba, cheo, jina la askari na kikosi chake, yaani mtu unamshika. Za vita ya pili nyingi ukingo mtupu. Kwa hiyo hii yangu inaweza kuwa ya keya yeyote, aliyelinda ghala hapahapa au aliyefika Burma (Myanmar ya leo) 1944 kupigana na Wajapani kwenye matope ya bonde la Kabaw, utajuaje?

Rafiki yangu akanipeleka Mpwapwa kwa bibi mmoja, baba yake alikuwa keya. Shikamoo, marahaba, tukala karanga kwanza, ndo akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani kaifunga kwenye kipande cha kanga, nyota ya Burma yenyewe, medali ya waliopigana kule! Utepe umeliwa na mende umebaki nyuzi za bluu na nyekundu. Akasema, "Mjukuu wangu, baba alikuwa anaibandika kwenye shati siku ya kulipa kodi, ili karani asimfokee." Nilishaandaa laki mfukoni aisee, mkono ukagoma kutoka. Nikamwonyesha ya kwangu, akaigeuza geuza, akauliza, "Na hii ya nani?"

Nikabaki natabasamu tu.

Niliporudi niliiweka kwenye kimfuko cha nailoni na karatasi ndani: Sabasaba, Dodoma, ndoo ya skrepa. Jina nimeacha nafasi.