Mahali pa kukutana na mteja: kufichika bila kujitenga na msaada

Wasindikizaji wengi (watu wanaolipwa na wateja kwa kampani na ngono) wanaoanza kazi hutafuta mahali palipojificha: gesti ya pembezoni, nyumba ya mwisho wa barabara, jengo ambalo taa za nje zimeshakufa. Mteja naye ukimwachia achague atataja hapo hapo, maana hofu yake kubwa ni kuonekana. Wote wawili wanakosea kwa namna moja. Mahali penye vyumba sita, kila anayeingia anatazamwa usoni na kukumbukwa. Mambo yakiharibika, hakuna wa kusikia.

Hoteli ya vyumba mia na zaidi, yenye ukumbi wa mikutano na mgahawa unaopokea watu wa nje, ndiyo inayoficha kweli. Mchana kutwa watu wanapishana pale mapokezi na hakuna anayefuatilia nani kaja kwa nani. Unataka usijulikane kwa wanaokufahamu, lakini ubaki karibu na wanaoweza kukusaidia. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Nasema na watu wazima waliojichagulia kazi hii na wanaojipangia ratiba yao. Kama kuna mtu anayekuchagulia mahali, anashika simu yako na ufunguo wako, na huwezi kumkatalia, wewe ni mateka, na kwanza kabisa unahitaji mtu wa nje wa kumwamini au namba ya msaada ya nchi uliyopo.

Tuanze na hoteli, maana ndiyo yenye mambo mengi. Kabla ya kulipia chumba, piga simu uulize mawili: wageni wa mpangaji wanaruhusiwa kupanda chumbani, na wakiruhusiwa, wanaandikishwa kitambulisho? Hoteli inayoandika jina la kila mgeni kwenye daftari itamfukuza mteja mwenye aibu hata kabla hajafika mlangoni kwako. Uliza pia kama lifti inadai kadi. Lifti ya kadi ina uzuri wake: inakulazimu ushuke umpokee mteja chini, umtazame mbele za watu, usikie harufu ya pombe kama ipo, uone kama yuko peke yake. Ubaya ni kwamba mtaonekana pamoja mkipita mapokezi. Ukiniuliza, kwa mteja mpya lifti ya kadi ni bora. Kwa unayemfahamu, tafuta hoteli ambayo lifti zake haziko mbele ya dawati.

Chumba chenyewe kiwe kati ya ghorofa ya pili na ya sita. Cha chini kabisa madirisha yake yanaangaliwa na wapita njia, na juu sana ngazi za zimamoto hupata shida kufika. Kisiwe cha kupakana na lifti, kwa sababu ya kelele na watu wanaosimama pale kusubiri. Kisiwe pia cha mwisho wa korido, kwa sababu hakuna anayepita. Milango mitatu au minne kutoka kwenye lifti inatosha. Na ukifika dawatini sema wazi kwamba hutaki chumba chenye mlango wa kuunganisha na cha jirani. Mlango ule huwa mwembamba kuliko ukuta na sauti inapita kama hakuna kitu. Watu wengi hulalamikia kuta za hoteli wakati kosa ni la mlango huo.

Sauti nyingine hutokea chini ya mlango wa korido. Taulo iliyokunjwa na kulazwa pale inapunguza sana, ila iwe nyepesi kusukumwa kwa mguu. Televisheni au redio ya chini isikae karibu na kitanda, bali upande wa mlango, ili kelele yake iwe kati yenu na anayepita nje.

Kuhusu kufuli, jaribu kabla mteja hajafika. Milango mingi ya hoteli, hata ukizungusha kufuli ya ndani, hufunguka kwa kushusha kitasa mara moja. Fanya hivyo kwa mkono mmoja uone. Mnyororo au ule mkono wa chuma wa juu ni habari nyingine: unadai mwendo wa pili, na mtu mwenye haraka au mwenye hofu huukosa. Mteja akiwa ndani, kufuli ya kawaida na kibao cha usisumbuliwe vinatosha kumzuia mfanya usafi. Mnyororo uache kwa usiku unapolala peke yako.

Fika mapema, nusu saa inatosha, ukague chumba. Zima taa, funga mapazia, washa tochi ya simu ukiishika usawa wa jicho lako, kisha pitisha mwanga polepole kwenye kila kitu kinachotazama kitanda au bafu: saa ya mezani, chaja iliyoachwa ukutani, king'ora cha moshi, kiyoyozi, fremu ya picha. Kioo cha kamera, hata kikiwa kidogo, hurudisha nukta kali ya mwanga. Halafu, chumba kikiwa bado giza, kitazame kwa kamera ya mbele ya simu. Kamera za kuonea gizani nyingi hutoa mwanga ambao jicho halioni lakini simu inauona, ukatokea kama taa ndogo nyeupe au ya zambarau. Hakikisha kwanza simu yako ina uwezo huo: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Kama huoni nukta ikiwaka, jaribu simu nyingine. Njia hii haikamati kamera isiyotumia mwanga huo, ndiyo maana ile ya tochi inatangulia. Ukiona kitu, usikibandue wala usikivunje. Kipige picha, toka, kisha ulalamike ukiwa nje. King'ora cha moshi usikifunike kamwe, hata kikikutia shaka. Omba chumba kingine.

Pale mteja ndiye aliyekodi chumba cha hoteli, kuna kipimo kimoja cha uhakika. Akutajie jina lake la usajili na namba ya chumba, kisha wewe upige simu ya hoteli yenyewe, namba uliyoitafuta mwenyewe na si aliyokupa, uombe kuunganishwa na mgeni wa jina hilo. Mapokezi kwa kawaida hawataji namba ya chumba, lakini wataunganisha. Akipokea, umeshajua amesajiliwa, yuko ndani, na hoteli ina kumbukumbu zake. Mteja mwenye nia njema hakasiriki. Anayesema hapendi simu ya chumbani, au kwamba chumba kiko kwa jina la rafiki, mwombe mkutane kwanza mgahawani, au muache.

Nyumba ya mteja ndiyo ya hatari kuliko zote, ingawa wateja huisifia kwa faragha. Ni faragha yake yeye, si yako. Ukikubali kwenda, tazama anuani kwenye ramani ya picha za angani: kuna njia ngapi za kutoka, geti ni lake au la watu wengi, barabara inapitwa? Uliza nani mwingine anaishi pale na kama kuna mbwa. Ukiingia, macho yaende kwenye mlango. Kuna milango inayodai ufunguo hata ukiwa ndani, na huo ndio mtego wa kawaida kabisa, mara nyingi bila ubaya wa mwenye nyumba. Mwambie ufunguo ubaki kwenye tundu. Akiutia mfukoni na kukataa kuurudisha, ondoka hapo hapo, kabla hujavua hata viatu. Begi lako lisitawanywe. Likae limefungwa, upande wa mlango. Kinywaji unywe ulichofungua mwenyewe.

Wapo wanaopokea wateja kwenye fleti yao. Hilo linafanya kazi vizuri pale tu fleti hiyo si mahali unapolala na kulea watoto. Kama huna njia nyingine, toa sebuleni na bafuni kila kitu chenye jina: barua, pakiti za dawa zenye lebo ya duka, vyeti vya ukutani, picha za familia. Watu husahau mfuko wa takataka na stika iliyo nyuma ya ruta. Intaneti ya nyumba usimpe mtu. Kati ya mteja mmoja na mwingine acha angalau nusu saa, maana wateja wawili wakikutana kwenye ngazi, wote wawili hawarudi, na jirani anaanza kuhesabu.

Anuani itolewe kwa vipande. Siku ya kupanga, mtajie eneo tu. Saa moja kabla, baada ya yeye kuthibitisha, taja jengo. Namba ya chumba aipate akishafika mlango wa chini. Asiyetokea hajui uko wapi, na mwenye nia ya kuvizia hana muda wa kujipanga. Lakini usimwache mteja azurure, kwa sababu anayezubaa mapokezi akitazama huku na huku ndiye walinzi wanayemfuata kumuuliza. Mwandikie maelezo yanayotembea naye: “Ingia mlango mkubwa, pita mgahawa ulio kulia, lifti ziko nyuma ya nguzo. Panda ya nne, ukitoka shika kushoto, kisha niandikie.” Mtu aliyesoma hivyo anatembea kama aliyepanga pale. Kama anakuja na teksi, mshauri ashuke jengo la jirani. Na wewe gari lako lisiegeshwe mbele ya jengo, maana namba za gari ni rahisi kupiga picha kuliko uso.

Kuna uvujaji unaotokea kabla ya kukutana. Picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Programu nyingi za ujumbe hufuta taarifa hizo ukituma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama faili zinabaki. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera, na picha utakazopiga kuanzia hapo hazitabeba mahali. Kinachobaki ni dirisha la nyuma yako: mnara, bango au umbo la ghorofa jirani humtosha mtu mwenye subira. Piga picha mbele ya ukuta mtupu au pazia. Namba ya kazi iwe peke yake, na ikiwezekana simu peke yake, kwa sababu mitandao ya kijamii husoma orodha ya namba zako na kuanza kuwapendekeza wateja kwa ndugu zako, na ndugu zako kwa wateja.

Rafiki wa usalama, yaani mtu unayemwamini anayejua uko wapi na kukufuatilia, anahitaji vitu vitano: jengo, chumba, namba ya mteja, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kwenye WhatsApp unaweza kumtumia mahali ulipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 8, utazima mwenyewe. Mpigie rafiki huyo huku mteja akisikia, useme umefika na utampigia mkimaliza. Simu hiyo fupi hubadilisha tabia ya wengi. Muwe na maneno mawili ya kawaida, moja la “niko sawa” na jingine la “njoo”. Mpangane pia afanye nini ukikaa kimya: dakika 10 zikipita apige kwako, 10 nyingine apige mapokezi aombe wagonge chumba. Hapa ndipo hoteli kubwa inapolipa gharama yake, maana kuna mtu wa kugonga. Kwenye ile nyumba ya mwisho wa barabara rafiki atampigia nani?

Sheria nazo huamua mahali, na zinatofautiana sana. Sweden, tangu 1999, anayevunja sheria ni anayenunua. Nchini Uingereza, fleti ya mtu mmoja ni halali lakini wakiwa wawili inaweza kuhesabiwa danguro, na hilo limewasukuma wengi kufanya kazi peke yao, jambo ninaloliona baya kabisa. New Zealand, chini ya sheria ya 2003, watu hadi wanne wanaweza kufanya kazi pamoja bila cheti cha mwendeshaji, mradi kila mmoja ashike mapato yake. Jua ya kwenu kabla ya kusaini mkataba wowote wa pango.

Kuhusu starehe, mteja hutulia kwa mambo madogo. Taa moja ya pembeni ina upole kuliko ile ya dari. Joto la nyuzi 22 hadi 24 linafaa watu wengi. Taulo ziwe nne, mbili kila mmoja, na sabuni isiwe na harufu, kwa kuwa wengine wanarudi kwa wenzao. Weka kiti au hanga ya nguo zake, asizirundike sakafuni, maana nguo zilizorundikana ndizo zinazosahaulisha pete na funguo. Saa ikae mahali wote mnapoiona, ili usilazimike kushika simu kila mara.

Wakati wa kuachana, mteja atangulie, wewe ukae dakika 15. Pekua begi na mifuko ya koti: vifaa vya kufuatilia kama AirTag ni vidogo kama sarafu. Tangu 2024 simu za iPhone na za Android huonya kifaa cha aina hiyo kikitembea nawe, lakini onyo huchelewa, kwa hiyo mikono itangulie. Na rafiki wa usalama usimwambie umemaliza wakati mteja anafunga mlango. Mwambie ukiwa umeshatoka kwenye jengo, umepanda usafiri, na hakuna aliye nyuma yako.