Batoto banaenda ku masomo

Ohio, Jumatano usiku, mwisho wa Oktoba

Mezani kuna karatasi ya jaribio. Niliisahihisha wiki iliyopita, na leo mwanafunzi wangu amenirudishia. Kuna sentensi moja nimeisoma mara nyingi sana tangu jioni: Batoto banaenda ku masomo. Nimeizungushia duara jekundu mara tatu. Pembeni nimeandika kwa herufi kubwa: SI KISWAHILI.

Niko hapa tangu Agosti, kwa mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni. Ni miezi tisa ya masomo, viza ya J-1, kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki, na kila muhula mimi mwenyewe nasoma kozi mbili. Chuo ni kidogo na mji ni mdogo, umezungukwa na mashamba ya mahindi ambayo sasa yamebaki mabua. Kule Kagera nilikuwa nafundisha kidato cha pili chenye wanafunzi 72. Hapa ninao wanane, tunakaa kwa duara, na wote wananiita Mwalimu. Wiki ya pili nilibandika matokeo ya jaribio mlangoni, majina na nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kama tulivyobandikiwa sisi tangu darasa la kwanza. Profesa ninayemsaidia aliyabandua upesi, akanikalisha chini taratibu. Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayofanya alama za mwanafunzi kuwa siri yake. Tangu siku hiyo karatasi narudisha nimezigeuza uso chini. Nimeipenda desturi hii kuliko nilivyotarajia. Nawakumbuka wale waliokuwa wa mwisho darasani kwetu, na nikifikiri sana naweza kuwataja kwa majina hata leo.

Kinachonichosha zaidi ni "kwa nini". Mwezi uliopita kijana mmoja aliniuliza: kwa nini tunasema "daktari wangu" lakini "rafiki yangu"? Wote si watu? Nikamjibu ndivyo tunavyosema. Akaandika daftarini, lakini uso wake haukuridhika, na wangu pia haukuridhika. Usiku ule nilikaa na vitabu mpaka nikaelewa kwamba maneno ya uhusiano yasiyo na kiambishi cha M-WA, yaani rafiki, jirani, adui, kaka, dada, shangazi, hushika "yangu", na daktari, ambaye kwake udaktari ni kazi, hushika "wangu". Mjomba naye ana M yake mwanzoni, kwa hiyo ni "mjomba wangu". Nimesema maneno haya maisha yangu yote bila kukosea na sikuwa nimewahi kuyaona. Kesho yake nilipowaeleza, yule kijana alipiga meza kwa furaha. Nilitembea kurudi chumbani nikiwa najiona mwenye lugha.

Pengine ndiyo maana kalamu ilikuwa nyepesi mno mkononi nilipofika kwenye "batoto".

Leo alasiri nilikuwa ofisini kwa saa zangu za kuonana na wanafunzi. Mlango huwa wazi na mara nyingi hapiti mtu. Akaja huyu binti, mkimya darasani, akaweka karatasi mbele yangu, sasa uso ukiwa juu. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mwalimu, sikuja kuomba maksi. Nataka tu kujua. Kama hii si Kiswahili, mama yangu anaongea nini?"

Mama yake ni wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Yeye binti alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, mkoa wa Kigoma, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996. Walipoletwa Marekani alikuwa na miaka sita. Kwa maana nyingine amezaliwa nchini kwangu. Nyumbani kwao wanasema batoto, wanasema aksanti, na kwenda ku masomo ni kwenda shule. Alijiandikisha kwenye darasa langu ili aweze kumwandikia bibi yake aliyebaki huko.

Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia, "Nisamehe, mwanangu. Hiki nilichoandika hapa si kweli." Akaitikia kwa kichwa, akaacha karatasi, akaenda.

Nimewaza mengi tangu hapo. Kiswahili sanifu ninachofundisha kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, na uamuzi huo ulifanyika kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikuwa ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, nchi zilizokuwa chini ya Mwingereza. Kongo ilikuwa ya Mbelgiji, haikuwa na kiti pale. Kiswahili cha Bukavu kilikwenda na njia yake, sokoni na majumbani, kikiishi na lugha za kule. Hayo nilifundishwa chuo kikuu na nikayajibia mtihani. Sikuyakumbuka nilipokuwa nimeshika kalamu.

Na kuna jambo linalouma zaidi. Mimi ni Mhaya. Shule ya msingi tulichapwa tukisema Kihaya. Sekondari nikavalishwa kibao shingoni, siku nzima, kwa kosa la kuongea Kiswahili bwenini badala ya Kiingereza. Najua kabisa uzito wa kibao kile.

Saa nne usiku nilimpigia baba. Kwao ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na nilijua ameshaamka. Naye alikuwa mwalimu, amestaafu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

Nikamsimulia yote. Alikaa kimya kitambo, nikawa nasikia majogoo nyuma yake. Kisha akauliza, "Bibi yako alikuwa anawaitaje mkitoka kuteka maji?"

"Abaana."

"Haya. Na huyo mtoto ameandikaje?"

Sikuongeza neno. Akaniambia ng'ombe anamsubiri, nikamuaga.

Nitaendelea kufundisha sanifu, maana wanafunzi wangu wanataka kusoma magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi, na binti huyu naye anaitaka. Ndiyo maana yuko darasani. Lakini nimechukua karatasi mpya, nimenakili majibu yake yote kwa mkono wangu, na nimesahihisha upya kwa penseli. Chini ya sentensi ile nimeandika: "Kiswahili cha Bukavu. Kwa sanifu: Watoto wanaenda shule." Ijumaa, akiniruhusu, nitaandika ubaoni watoto, batoto na abaana, mstari mmoja, halafu niwaache wanane wale waulize kwa nini.

Sasa hivi simu imeita. Ni ujumbe wake wa sauti, lakini anayeongea ni mtu mzima, na nyuma yake sufuria zinagongana. "Mwalimu, jambo. Miye ni mama yake. Kuya siku ya posho, nitapika sombe na bugali."

Posho ni Jumamosi. Hilo imebidi nimuulize binti yake.